Nataka kununua darubini ya nyota, naishi Tudor, Mombasa, ghorofa ya nne. Nianzie wapi?

BabaNuru:
Salaam wana jukwaa. Mimi si mtaalamu wa chochote kinachohusu mbingu, ila nina binti wa miaka kumi aliyeniingiza kwenye kesi. Juzi stima ilipotea mtaa mzima, tukapanda juu ya paa kupunga upepo, akaniuliza ile nyota kubwa inayowaka upande wa Nyali ni nini. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa: Zuhura. Akachukua simu ya mamake, akaielekeza juu, programu ikasema Mshtarii, yaani sayari ya Jupita. Tangu siku hiyo nikisema neno lolote humu ndani naambiwa, "Baba, hebu tuhakikishe kwanza."

Basi nimeahidi darubini. Nina elfu 30, nikijikaza 35. Kuna duka mjini nimeona moja, boksi lina picha ya Zohali, ile sayari yenye pete, kubwa kama sinia, limeandikwa inakuza mara 525, ina miguu mitatu, kichungi cha jua, kila kitu, elfu 18. Muuzaji asema hata bendera waliyoiacha Wamarekani mwezini utaiona. Niichukue?

ChaiMahamri:
Ukiinunua, utakachokiona mwezini ni muuzaji akikucheka.

Ticha_Mishi:
BabaNuru, mwache ChaiMahamri na mdomo wake, lakini safari hii kasema kweli. Bendera ile hata darubini ya Hubble iliyo angani haiwezi kuiona.

Nikueleze hiyo 525 imetoka wapi, mana nafundisha fizikia sekondari na kila mwaka hunijia mzazi ambaye ameshalipa. Ukuzaji ni hesabu ya kugawanya tu. Chukua urefu wa fokasi ya darubini, yaani umbali kutoka kioo hadi pale mwanga unapokusanyika, gawanya kwa fokasi ya ile lenzi ndogo unayowekea jicho. Hizo za boksi mara nyingi zina kioo cha milimita 76 na fokasi ya milimita 700. Ndani wanakutilia lenzi ya jicho ya milimita 4, na nyingine ya kuzidisha mara tatu. 700 gawanya kwa 4 ni 175, mara 3 ni 525. Hesabu haina kosa. Kosa ni kwamba kioo kina kikomo chake: kwa kila milimita ya upana wake, kinabeba kukuza kama mara mbili, basi. Kioo cha 76 kinaishia mara 150 hivi, tena usiku ambao hewa imetulia. Ukizidisha hapo ni kama kuongeza maji kwenye tui la nazi moja. Sufuria itajaa, lakini wali hautakuwa wa nazi.

Kwa hivyo usiulize inakuza mara ngapi. Uliza kioo kina upana gani, mana upana ndio unaokusanya mwanga. Kioo cha milimita 130 kinakusanya karibu mara tatu ya kile cha 76.

Halafu stendi. Ile miguu myembamba ya bati hutetemeka ukiigusa, upepo ukipiga, paka akipita. Ukikuza mara 100 na mtetemeko umeukuza mara 100. Watoto wengi huacha nyota kwa sababu ya stendi, wazazi wakadhani mtoto hana subira.

Na hicho kichungi cha jua, kama ni kile cha kufunga kwenye lenzi ya jicho, kikija nyumbani kwako kivunje siku hiyohiyo. Kinakaa pale pale miale ya jua imekusanyika, kinaweza kupasuka ghafla na jicho la mtoto liko hapo. Kichungi salama ni kile kinachofunika mdomo wa mbele wa darubini, mwanga upunguzwe kabla haujaingia. Hili silifanyii mjadala.

BabaNuru:
Ticha, ahsante. Nalikuwa nishamwambia aniwekee. Nimempigia, kanuna.

Kadzo_wa_Kaloleni:
Mimi ningemwanzishia na darubini ya macho mawili, ile ya 10x50. Mara kumi tu, lakini unaona milima ya mwezi, unaona Kilimia ikigeuka kutoka vinyota sita saba vya macho hadi shada zima. Ikishindikana kwa nyota utaitumia kutazamia ndovu. Ninayo tangu 2016 na mpaka leo ndiyo naitoa kwanza nikitoka nje, ile kubwa ya mume wangu inahitaji maandalizi kama harusi.

ChaiMahamri:
Kaloleni mna giza. Sisi huku tuna mulika mwizi nje ya dirisha, usiku nasoma gazeti bila taa.

Kadzo_wa_Kaloleni:
Ndiyo mana nawaita kila siku mje na hamji.

MzeeWaBandarini:
Assalamu alaykum. Naona nyota zimeingia jukwaani, nami nimestaafu, acha nichangie.

Babangu alikuwa nahodha wa jahazi. Enzi hizo za kwenda na kusi na kurudi na kaskazi, hakuwa na darubini, alikuwa na kibao kidogo kilichotiwa uzi wenye mafundo. Uzi unauuma kwa meno, kibao unakinyoosha mbele ya jicho, ukingo wa chini ukae juu ya bahari na wa juu uguse nyota. Fundo ndilo linalokwambia umefika wapi. Nyota yenyewe ilikuwa Jaa, ile ya kaskazini isiyotoka mahali pake. Lakini hapa Mombasa Jaa huioni. Iko chini ya upeo. Tuko kusini ya ikweta kwa nyuzi nne, na nayo imezama nyuzi kama hizohizo. Babangu alikuwa akisema ukielekea Arabuni kuna usiku Jaa inachomoza kutoka majini, na mabaharia wageni wanapigwa utani. Kusini tulikuwa na Suheli.

Nayasema haya kwa sababu moja, BabaNuru. Kuna darubini zinazouzwa na stendi ya chuma yenye mzani nyuma, na kitabu chake kinakwambia: elekeza mhimili kwenye nyota ya kaskazini. Kitabu hicho kimeandikiwa watu wa Ulaya. Hapa utaelekeza wapi?

Ticha_Mishi:
Shikamoo mzee. Hilo ndilo nililosahau kulisema, na ni kubwa.

MzeeWaBandarini:
Marahaba mwanangu.

Ghorofa_Nyali:
Mimi ndiye niliyeingia kwenye shimo alilolitaja mzee, niwape ushuhuda. Miaka mitano iliyopita nilinunua yenye stendi ya ikweta. Nadharia yake ni tamu: unaulaza mhimili mmoja uwe sambamba na mhimili wa dunia, kisha nyota unaifuata kwa kuzungusha kitasa kimoja tu. Ukiwa London mhimili umeinuka nyuzi 51, darubini imesimama kwa heshima. Ukiwa Mombasa inabidi uulaze mpaka nyuzi 4, yaani karibu ulale kabisa. Skrubu ya stendi yangu iligoma mapema kabisa, haikukaribia hiyo 4. Nikaweka matofali chini ya mguu mmoja ili iiname. Ikainama, na ule mzani wa nyuma ukawa unagonga mguu wa stendi kila nikigeuza kuelekea juu. Usiku wa tatu stendi nzima ikaanguka juu ya bustani ya mke wangu. Mche wa asumini haukupona, na mpaka leo natajiwa.

Kwa hapa kwetu chukua stendi ya kawaida, ya kwenda juu-chini na kushoto-kulia. Ile iitwayo ya Dobson ndiyo rahisi zaidi: sanduku la mbao linalozunguka, darubini imekaa ndani kama mzinga wa pale Ngomeni, Fort Jesus. John Dobson aliitengeneza San Francisco miaka ya 1960 kwa vifaa vya bei ya chini, ili watu watazame barabarani. Nina ya milimita 200 sasa. Haina skrubu ya kunigomea.

Tahadhari moja ambayo watu wa nchi nyingine hawana: kwetu vitu vizuri vinapita utosini. Ile nebula ya Orioni, wingu la gesi linalong'aa, katikati ya Januari saa nne za usiku, iko karibu wima juu ya kichwa chako. Stendi ya Dobson ikielekea wima kabisa inakuwa ngumu kugeuza, unasukuma na haijui iende upande gani. Itazame saa mbili na nusu ikiwa bado upande wa mashariki, au ingoje iteremke. Kung'ang'ania utosini ni kuumwa na shingo bure.

BabaNuru:
Kumbe ni elimu. Ghorofa_Nyali, hiyo ya 200 inaingia elfu 35?

Ghorofa_Nyali:
Haiingii, na kama ghorofa ya nne huna lifti basi usiitamani. Ni kama kilo 25, na ina urefu wa mtoto wa darasa la pili. Utaipandisha juu ya paa mara mbili, mara ya tatu utasema kuna mawingu.

Lakini nina nyingine ndogo ya mezani, Sky-Watcher Heritage 130P. Kioo milimita 130, fokasi 650, bomba lake linajikunja, kilo kama 6. Ndugu yangu aliniletea kutoka Uingereza, nikaitumia kisha nikapata hiyo kubwa. Ina lenzi mbili, ya 25 na ya 10. Nitakuachia kwa 28. Njoo uijaribu kwanza, usinitumie pesa ya M-Pesa kabla hujaiona, hata mimi usiniamini.

ChaiMahamri:
Huyu ndiye muuzaji wa kwanza Mombasa kusema hivyo. Tumchunguze.

Ticha_Mishi:
Chukua hiyo. 650 kwa 25 ni mara 26, hiyo ya kutafutia na ya kutazama shada za nyota. 650 kwa 10 ni mara 65, hapo unaona mistari ya Mshtarii na pete ya Zohali. Baadaye ukipata lenzi ya Barlow ya kuzidisha mara mbili utafika 130. Inakutosha miaka.

Ila mwambie Nuru mapema kuhusu Zohali asije akavunjika moyo. Mwanzo huu wa 2026 inaonekana magharibi mapema usiku, lakini pete zake zimetuelekezea ukingo. Hutokea kila baada ya kama miaka 15. Machi 2025 zilikuwa ubavu kabisa na sasa ndiyo zinaanza kufunguka. Ataona mpira uliochomwa sindano. Sinia la kwenye boksi lingoje miaka kadhaa.

MamaFarhia:
Nauliza kama mwanamke na kama jirani. Kuna kijana kwenye jengo letu Majengo alinunua darubini, akaitoa roshani saa tatu usiku. Nyumba tano zinaelekeana na ile roshani. Kesho yake walikuja wanaume wanne mlangoni mwake. Kijana wa watu alikuwa anatazama mwezi, nami naamini, lakini nani atajua? BabaNuru umefikiria hilo?

BabaNuru:
Sikufikiria hata kidogo, na sasa nimeanza kutokwa na jasho.

MzeeWaBandarini:
Hilo si dogo. Anza na majirani kabla ya nyota. Siku ya kwanza usipande juu peke yako. Mchukue keateka, mchukue soja, mwambie mamake Nuru awaite wanawake wa jengo, wote watazame mwezi kwa zamu. Mtu akishaona mashimo ya mwezi kwa jicho lake mwenyewe atakutetea barazani hata kama haupo. Na roshani usiitumie. Paa tu, na bomba lisishuke chini ya usawa wa ukuta.

MamaFarhia:
Na mke wako awe hapo.

BabaNuru:
Mke wangu anasema yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kwenye foleni, hilo halina wasiwasi.

Abu_Hilali:
Ndugu, Ramadhani inakaribia. Hiyo darubini itatufaa kuutazama mwezi mwandamo. Tukutane Nyali ufukweni siku ya 29?

Ghorofa_Nyali:
Shekhe, ufukwe wa Nyali unatazama mashariki. Mwezi mwandamo unaonekana magharibi, mara tu jua likishazama, na unalifuata jua kushuka. Ukisimama Nyali utaona bahari nzuri na kukosa hilali. Unahitaji upande wa Changamwe na Mazeras uwe wazi mbele yako. Paa la Tudor ni bora kuliko ufukwe wowote wa hoteli.

Ticha_Mishi:
Na darubini isielekezwe huko mpaka jua limezama lote, ukingo wake wa mwisho umekwisha. Hilali changa iko karibu na jua. Ukiitafuta mapema ukapita juu ya jua kwa bahati mbaya, jicho limekwenda.

Abu_Hilali:
Hilo nimelielewa. Lakini je, ukionekana kwa darubini na usionekane kwa macho matupu, inahesabika? Na ukionekana nchi nyingine sisi hapa

Msimamizi:
Suala la mwandamo lina uzi wake, una kurasa nyingi na haujaisha. Hapa tuendelee na darubini, tafadhali.

ChaiMahamri:
Msimamizi kaokoa jahazi.

Kadzo_wa_Kaloleni:
Kwa kuwa watu wa Pwani tunajidharau, niseme hili. Setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahsusi kupima eksirei kutoka kwenye nyota ilirushwa hapa kwetu, kutoka jukwaa la Wataliano la San Marco lililosimama baharini Ngomeni nyingine, ile ya karibu na Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, wakaiita Uhuru. Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi ile alipata Nobeli ya fizikia mwaka 2002. Ukimpeleka Nuru Malindi mwonyeshe upande ule.

MzeeWaBandarini:
Nalikuwa kijana. Tulisikia tu Wataliano wanarusha fataki.

Ghorofa_Nyali:
BabaNuru amekuja, ameijaribu, ameichukua. Kwa faida ya wengine nirudie hapa niliyomwambia mlangoni, mana huu ndio ugonjwa wa Mombasa: unyevu na chumvi.

Kwanza, usiihifadhi kwenye chumba chenye kiyoyozi kisha ukaitoa moja kwa moja nje. Vioo vya baridi vikikutana na hewa yetu vinalowa palepale, kama glasi ya maji ya barafu. Watu wa nchi za baridi wanangoja kioo kipoe, sisi twangoja kioo kipate joto. Iache ndani ya mfuko wake nusu saa, ikishafanana na hewa ndipo uifungue. Pili, lenzi za jicho ziweke kwenye kontena ya plastiki inayofunga kwa mpira, utie vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Visipokuwepo, ukungu unaota juu ya kioo, na ukishaota unakula ile rangi ya lenzi na haitoki tena. Nilipoteza lenzi moja hivyo. Tatu, ukiona vumbi kwenye kioo kikubwa, liache. Vumbi kidogo halipunguzi kitu. Leso na mate ndivyo vinavyoua vioo.

BabaNuru:
Wadau, ripoti ya usiku wa kwanza. Msicheke.

Nilipanda na kreti mbili za soda ili niiweke juu, zikayumba. Nikaona ile saruji ya kukalia tangi la maji, pana, imara, kimo kizuri. Nikaweka pale. Watu kumi na mmoja wako nyuma yangu, pamoja na soja na rungu lake. Nikalenga Mshtarii kwa kile kidude cha nukta nyekundu, nikaweka jicho: giza. Nikasogeza: giza. Dakika ishirini. Mama mmoja akauliza kwa upole kama nimetoa kifuniko. Nilikuwa nimetoa.

Mwishowe Nuru akaisukuma kidogo tu na Mshtarii akaingia. Nikaona duara na vinukta pembeni, moyo ukaruka. Kisha Mshtarii akaanza kucheza chakacha. Anakwenda huku, anarudi, anatetemeka kiunoni. Nikadhani ni hewa. Kumbe keateka alikuwa amewasha pampu, na pampu imefungwa kwenye saruji ileile.

Halafu hata pampu ilipozimwa, nyota zilikuwa na mkia upande mmoja. Naomba msaada.

ChaiMahamri:
Mshtarii anacheza chakacha. Nimekufa.

Ticha_Mishi:
Matatizo mawili, yote ya kawaida. Hicho kidude cha nukta nyekundu kinalenga pale kilipofungwa, si pale darubini inapotazama, mpaka uvilinganishe. Fanya mchana. Chagua kitu cha mbali kabisa kisichokuwa dirisha la mtu, kama kreni ya bandarini, na jua liwe mgongoni. Iweke kreni katikati ya lenzi ya 25, kisha geuza skrubu za kidude mpaka nukta ikae juu ya kreni ileile. Dakika tano. Usishangae kreni ikisimama kichwa chini, darubini za kioo ndivyo zilivyo, na angani hakuna juu wala chini.

Mkia: ulisafirishaje darubini kutoka Nyali?

BabaNuru:
Kwa tuktuk.

Ticha_Mishi:
Basi umejijibu. Vioo vimehama kidogo. Chukua nyota inayong'aa, iweke katikati, kisha uharibu fokasi makusudi mpaka iwe duara lenye kivuli cheusi ndani. Kivuli kikiwa katikati, vioo vimelingana. Kikiwa pembeni, kuna skrubu ndogo za kurekebisha: geuza robo ya mzunguko, rudisha nyota katikati, tazama tena. Skrubu moja moja, taratibu. Mara ya kwanza itakuchukua saa nzima, baadaye utafanya huku unanong'ona na mkeo.

MzeeWaBandarini:
Na ratiba, BabaNuru. Waulize wavuvi. Bamvua, yale maji ya kujaa na kupwa sana, inakuja mwezi ukiwa mpevu na mwezi ukiwa haupo. Bamvua ya mwezi mpevu usihangaike, mbingu yote imefuliwa kwa mwanga, na mwezi wenyewe hauna sura kwa kuwa jua linaupiga usoni. Bamvua ya giza ndiyo ya kwenda Kaloleni. Na maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ndiyo ya kutazama mwezi wenyewe. Pale kwenye mpaka wa mwanga na kiza vivuli ni virefu, kila shimo unaliona lilivyo.

Kadzo_wa_Kaloleni:
Mzee kasema yote. Ila msimwambie aje mwezi wa nne, hiyo ni masika, tutakaa ndani tukila mihogo. Sasa hivi kaskazi mbingu ni safi. Kisha mkae mpaka Juni na Julai, siku ambazo kusi imepumzika na mawingu, mtaona kitovu cha Njia ya Maziwa kikipita juu sana, na Omega Centauri, shada kubwa la nyota, upande wa kusini. Watu wa Ulaya wengi hawajawahi kuiona maishani mwao, wanakata tiketi za ndege kwa ajili yake. Wahenga walikuwa nayo ya kwao ya kulimia: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Anayekuja aje na mwenzake, usiku si wa kuzurura peke yako na kifaa cha elfu 28.

Ghorofa_Nyali:
Wa kusini nao wana Shimba Hills, na siku hizi mnapita Dongo Kundu bila kungoja feri. Lakini msidharau kisiwani. Ule usiku wa Desemba 2023 stima ilipopotea karibu nchi nzima, mwezi ulikuwa umebaki ukucha wa alfajiri tu, nilikaa juu ya paa nikaona nebula ya Orioni kwa macho matupu, kutoka Nyali! Mke wangu alikuwa analalamikia nyama kwenye friza, mimi naomba stima isirudi. Hilo nalo natajiwa.

MamaFarhia:
Na kupatwa kwa mwezi kule kwa Septemba 2025 hatukuhitaji chochote. Saa mbili na nusu usiku mwezi umegeuka rangi ya tofali, watu wametoka msikitini wamesimama barabarani shingo juu. Bodaboda zilisimama zenyewe.

BabaNuru:
Ripoti ya pili. Nimelinganisha kidude kwa kreni. Nimegeuza skrubu, saa nzima na robo. Darubini sasa inakaa kwenye stuli ya mninga ya bibi yake Nuru, imara kama mlima, tena katikati ya paa, mbali na pampu.

Mshtarii: mistari miwili ya kahawia, wazi kabisa. Miezi yake minne imepangwa mstari mmoja. Nuru amefungua daftari la zamani la hesabu, kila usiku anachora duara na nukta. Siku ya kwanza mbili kushoto mbili kulia. Siku ya pili tatu upande mmoja. Jana zilikuwa tatu tu, akanishtaki kwamba nimeigonga darubini nikapoteza mmoja. Ticha, huo mwezi wa nne umekwenda wapi?

Ticha_Mishi:
Hujampoteza. Ama uko nyuma ya Mshtarii, ama mbele yake umemezwa na mwanga wake, ama umeingia kwenye kivuli chake. Io, ule wa ndani, unamaliza mzunguko chini ya siku mbili, kwa hivyo hutokea mara kwa mara. Mwambie ajaribu kuutabiri usiku wa leo kabla ya kupanda. Galileo, yule mwanasayansi wa Italia, alianza daftari kama hilo Januari 1610, na siku ya kwanza aliona tatu tu. Darubini yake ilikuwa duni kuliko ya Nuru.

BabaNuru:
Nimemsomea hiyo. Sasa anataka kujua kama Galileo alikuwa na baba wa kumbebea stuli.

Jirani wa ghorofa ya pili, yule ambaye hatukuwa tukisalimiana tangu kesi ya maegesho, jana alipanda na chupa ya kahawa na kashata. Hakusema kitu. Akatazama mwezi, akakaa chini, akatazama tena.

Mzee, Nuru anauliza Suheli iko wapi. Anasema darubini ameshaijua, sasa anataka nyota ya nahodha.

MzeeWaBandarini:
Saa tatu usiku asimame autazame upande wa Likoni. Ainue macho chini kidogo ya nusu ya njia ya kufika utosini. Juu zaidi kuna moja inang'aa kuliko nyota zote, hiyo ni Sirius, asichanganye. Ya chini yake, ya pili kwa kung'aa, ndiyo Suheli. Darubini aiache kwenye stuli.

BabaNuru:
Tumeiona. Nuru anauliza babako alikuwa anaogopa nini zaidi huko baharini usiku, papa au mawimbi?

MzeeWaBandarini:
Mwambie mawingu.

Ghorofa_Nyali:
BabaNuru, kwa habari hiyohiyo ya mawingu: huku Nyali manyunyu yameanza na upepo unakuja kwenu. Funika kioo.